Utepe wa Gundi na Kazi Zake za Ajabu

Mtu akiingia katika duka la vyuma, liwe la Nairobi, la Kisumu au la Mombasa, ataona rafuni, kando ya misumari na makopo ya rangi, miviringo ya utepe mpana wenye rangi ya fedha. Upande mmoja wa utepe huo hung'aa, na upande wa pili umepakwa gundi kali. Ukiuvuta kwa urefu wake haukatiki upesi, lakini ukitaka kuuchana kwa upana, vidole vya mtoto vyatosha. Waingereza na Wamarekani huuita "duct tape", yaani utepe wa mabomba ya hewa. Jina hilo lapotosha. Katika kazi zote ambazo utepe huu umepata kutwikwa, na ni nyingi kuliko mtu awezavyo kudhani, kazi ya mabomba ya hewa ndiyo iliyoushinda waziwazi. Kazi nyingine, ambazo hakuna aliyezikusudia, umezifanya kwa sifa kubwa.

Historia yake yastahili kusomwa kwa sababu nyingine pia. Utepe huu haukutokana na mawazo ya mhandisi wala ya profesa. Ulitokana na barua ya mwanamke mfanyakazi wa kiwanda, ambaye wakubwa wake walimsikiliza, wakamsifu, kisha wasifanye neno lolote.

Mwanamke huyo aliitwa Vesta Stoudt. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Green River, karibu na mji wa Dixon katika jimbo la Illinois, Marekani. Umri wake ulikuwa umekwisha pita miaka 50, na wanawe wawili walikuwa wakitumika katika jeshi la majini. Kazi yake ilikuwa kupakia na kukagua visanduku vya risasi za namna ya pekee, zile ambazo askari hutia katika bunduki ili kurushia makombora madogo. Kila kisanduku kilifungwa kwa utepe wa karatasi, kikaachwa na kijiulimi kidogo cha utepe huo huo kikining'inia, kisha chote kikachovywa katika nta ili maji na unyevu visipate njia ya kuingia. Makusudi yake yalikuwa kwamba askari akiwa vitani akivute kijiulimi, utepe ufunguke, nta ipasuke, naye apate risasi zake mara moja.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini Bibi Stoudt, aliyevishika visanduku hivyo kutwa nzima, aliona jambo ambalo watu wa ofisini hawakuliona. Karatasi ilikuwa dhaifu. Askari akivuta kwa nguvu, kijiulimi kilikatika kikabaki mkononi, na kisanduku kikabaki kimefungwa kama kilivyokuwa. Basi mtu huyo angefanya nini, adui akiwa mbele yake na risasi zikimpitia masikioni? Angekwaruza nta kwa kucha, au angetafuta kisu. Na dakika moja au mbili zingepita. Kwa mtu aliyekaa nyumbani dakika mbili ni kitu kidogo. Kwa mtu aliye handakini zaweza kuwa ndizo zilizobaki za maisha yake. Naye Bibi Stoudt hakuwa akiwafikiria askari wa kubuniwa tu. Alikuwa akiwafikiria wanawe mwenyewe.

Akatafuta dawa. Aliona kwamba kama utepe ungekuwa wa nguo badala ya karatasi, nguo imara isiyopitisha maji, kijiulimi kisingekatika. Akaushona mfano wa wazo hilo kichwani, akalipeleka kwa wanyapara na wakaguzi wa serikali waliokuwako kiwandani. Wote walikubali kwamba ni wazo jema. Kisha mambo yakakaa pale pale. Kila aliyepata kufanya kazi mahali penye wakubwa wengi aijua vema hali hiyo: hakuna anayekataa, na hakuna anayeanza.

Mnamo tarehe 10 Februari, 1943, mama huyo akachukua kalamu akamwandikia barua Rais Franklin Roosevelt. Hakumwandikia kumsifu wala kumwomba fedha. Alimweleza jinsi visanduku vilivyofungwa, akamchorea picha ili aelewe, akamwonyesha hatari iliyomo na namna ya kuiondoa, na kumkumbusha kwamba vijana walio vitani ni wa Rais na ni wake yeye pia. Ni barua iliyoandikwa kwa adabu, lakini haikuzungukazunguka. Na kwa wanafunzi wanaojifunza uandishi wa barua rasmi, sijui mfano ulio bora kuliko huo. Mwandishi alitaja jambo moja tu, akalieleza likaeleweka, akaeleza linatakiwa kufanywa nini.

Barua za watu wadogo kwa watu wakubwa mara nyingi hufia njiani. Hii haikufa. Rais aliipeleka kwa halmashauri iliyosimamia utengenezaji wa vifaa vya vita, na baada ya majuma machache Bibi Stoudt alipata jawabu kwamba shauri lake linashughulikiwa. Kazi ikapewa kampuni ya Johnson & Johnson, ambayo tangu zamani ilikuwa ikitengeneza plasta za kubandika vidonda, na kwa hiyo ilikuwa na maarifa mengi juu ya gundi na kitambaa. Gazeti la Chicago Tribune likamtunukia mama huyo heshima ya mfanyakazi wa wakati wa vita. Aliishi hata mwaka 1966.

Inafaa tuutazame utepe wenyewe, kwa kuwa nguvu zake zote zimo katika jinsi ulivyoundwa. Una tabaka tatu. Katikati pana kitambaa, ambacho hapo mwanzo kilikuwa cha pamba nzito iliyofumwa kwa kubana. Juu ya kitambaa pana ngozi nyembamba ya plastiki ya namna ya polithini, ambayo huzuia maji. Chini pana gundi iliyotokana na mpira, nayo imepakwa kwa wingi kuliko ile ya selotepu ya kawaida. Gundi hii haihitaji maji wala moto. Yahitaji kukandamizwa tu. Ukiibonyeza kwa kidole, hutambaa polepole ikaingia katika vishimo na mikwaruzo ya kitu kilicho chini yake, na hapo ndipo inapokamata. Kwa sababu hiyo hushika hata mahali pasipo laini, kama vile mbao, ngozi na turubai. Adui zake ni watatu: vumbi, mafuta, na joto la muda mrefu. Msomaji na awakumbuke hao, maana watatokea tena mbele.

Kuhusu jina, kuna mabishano ya kuchekesha. Kitambaa kile cha pamba nzito Waingereza hukiita "duck", neno walilolipata kwa Waholanzi, ambao kwao "doek" ni nguo tu. Lakini kwa Kiingereza "duck" ni bata vilevile. Basi wako wasemao kwamba askari waliuita utepe wa bata kwa sababu ya kitambaa chake. Na wako wasemao waliuita hivyo kwa kuwa maji huteleza juu yake kama yateleavyo juu ya mgongo wa bata. Wengine hushikilia kwamba jina hilo la bata lilikuja baadaye, kwa biashara. Mimi naona kwamba hoja ya kitambaa ina uzito zaidi, kwa maana tepe za kitambaa hicho, zisizo na gundi, zilikuwa zikiitwa kwa jina hilo tangu kabla ya vita ya kwanza. Hata hivyo bata hajaumia, na twendelee.

Utepe ule wa kwanza ulikuwa na rangi ya kijani kibichi cha kijeshi. Mara ulipofika mikononi mwa askari, visanduku vya risasi vikawa kazi yake ndogo kabisa. Walizibia viatu vilivyotoboka na mahema yaliyochanika. Walifungia sehemu za bunduki na za magari. Waliufanya plasta pale ambapo plasta ilikosekana. Baadaye, katika vita vya Vietnam, wanajeshi wa Marekani waliuita utepe wa maili mia kwa saa, kwa kuwa walidai kwamba ungevumilia upepo wa mwendo huo bila ya kubanduka. Askari walisifu kitu hiki kuliko walivyosifu silaha nyingi, na si ajabu: silaha hufanya kazi moja.

Vita ilipokwisha, Marekani iliingia katika ujenzi mkubwa wa nyumba. Nyumba za nchi zenye baridi hupashwa moto kwa hewa inayopitishwa katika mabomba mapana ya bati, na mafundi waliotoka vitani wakakumbuka utepe wao. Wakaanza kuufunga katika maungio ya mabomba hayo. Rangi ya kijani ikabadilishwa ikawa ya fedha ili ifanane na bati, na jina la mabomba likaushika. Kwa miaka mingi kila mtu aliamini kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya haki.

Halafu mwaka 1998 wataalamu wawili wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, Max Sherman na Iain Walker, wakaamua kuujaribu. Walichukua tepe na vizibio vya namna nyingi, wakavitia katika maungio ya mabomba, wakapitisha hewa ya moto na ya baridi kwa zamu, kama inavyokuwa nyumbani kwa miaka, ila kwa haraka zaidi. Vizibio vingine vyote vilivumilia. Utepe wa mabomba peke yake ndio ulioshindwa, tena si mara moja. Joto la muda mrefu liliiharibu gundi, utepe ukalegea na kubanduka, hewa ikavuja. Sherman na Walker walitangaza matokeo hayo kwa ucheshi kidogo, na walikuwa na haki ya kucheka: kitu kinachofaa kwa kila kazi duniani hakifai kwa kazi kilichopewa jina lake.

Lakini miaka 28 kabla ya jaribio hilo, utepe huu ulikuwa umekwisha kujipatia heshima ambayo hakuna maabara iwezayo kuiondoa.

Mwezi wa Aprili 1970, Wamarekani watatu, James Lovell, Fred Haise na Jack Swigert, walikuwa njiani kwenda mwezini katika safari iliyoitwa Apollo 13. Tarehe 13, wakiwa zaidi ya kilomita 320,000 kutoka duniani, tangi moja la oksijeni lilipasuka. Chombo chao kikuu kikaanza kupoteza hewa na umeme. Ikawalazimu kukimbilia katika chombo kidogo kilichoambatana nacho, kile ambacho kilikusudiwa kuwateremsha wawili wao juu ya mwezi. Chombo hicho kilitengenezwa kuhifadhi watu wawili kwa muda wa siku mbili hivi. Sasa kilitakiwa kihifadhi watatu kwa siku nne.

Oksijeni ya kuvuta ilikuwapo ya kutosha. Hatari ilikuwa katika pumzi waliyoitoa. Kila mtu atoapo pumzi hutoa hewa ya ukaa, na katika chumba kilichofungwa hewa hiyo huzidi kidogo kidogo, ikamletea mtu maumivu ya kichwa, kisha kuchanganyikiwa, kisha mauti. Katika vyombo vya anga huondolewa kwa makopo yenye kemikali iitwayo lithiamu haidroksaidi, ambayo hufyonza ukaa. Makopo ya chombo kidogo yalikuwa machache, yasingetosha safari nzima. Makopo ya chombo kikubwa yalikuwa mengi, lakini yalikuwa na umbo la mraba, ilhali matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya mviringo. Vyombo viwili vilivyosafiri pamoja vilikuwa vimetengenezwa na makampuni mawili mbalimbali, wala hakuna aliyewaza kuvifananisha.

Huko Houston, mhandisi Ed Smylie, aliyesimamia vifaa vya kuwahifadhi wanaanga, akakusanya watu wake. Sharti lilikuwa moja: wasitumie kitu chochote ila kile ambacho wale watatu walikuwa nacho huko juu. Wakaandika orodha. Kulikuwa na mifuko ya plastiki, mipira ya kupitishia hewa ya mavazi ya anga, majalada magumu ya vitabu vya maagizo, na utepe wa gundi. Smylie alisimulia baadaye kwamba alipoambiwa kuwa utepe umo chomboni, moyo wake ulitulia; alikuwa mtu wa majimbo ya kusini, na huko kwao waliamini kwamba tatizo lenye utepe ni tatizo lililokwisha. Wakaunda mfano, wakaujaribu, ukafaa.

Sasa mfano huo ulitakiwa upelekwe mwezini kwa maneno matupu. Hapakuwa na njia ya kutuma picha. Mwanaanga Joseph Kerwin, akiwa Houston, alisoma maagizo kwa redio hatua kwa hatua: chukueni mfuko, uvisheni kopo hivi, pindeni jalada hivi liwe kama tao, zungushieni utepe hapa, kisha na hapa. Wale watatu, wachovu, walioshikwa na baridi, wakafuata. Kazi ilichukua kama saa moja. Kitu kilichotokea hakikuwa na sura nzuri hata kidogo, na wao wenyewe walikifananisha na sanduku la barua. Walipokiwasha, sindano ya kipimo cha hewa ya ukaa ilianza kushuka. Tarehe 17 Aprili walitua salama katika Bahari ya Pasifiki.

Ningependa wanafunzi waitazame habari hii kwa makini, kwa sababu husimuliwa mara nyingi kana kwamba utepe peke yake uliokoa roho za watu. Sivyo. Utepe hauna akili. Uliokoa kwa kuwa palikuwapo watu waliojua kemia ya ukaa, na waliojua kila kilichomo chomboni hata jalada la kitabu, na mtu aliyeweza kueleza kazi ya mikono kwa mdomo bila ya kumkanganya msikilizaji. Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Anayebisha na ajaribu kumweleza mwenzake kwa maneno tu, akiwa amempa mgongo, jinsi ya kufunga fundo la tai.

Miaka miwili baadaye utepe ulifika mwezini kwenyewe, ukaenda kufanya kazi ya gereji. Mnamo Desemba 1972, Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa safari ya Apollo 17 walikuwa na gari dogo la umeme la kutembelea juu ya mwezi. Nyundo ya Cernan ilinasa katika madigadi ya gurudumu la nyuma, ikaivunja. Duniani gari lisilo na madigadi huwachafua watu nguo, basi. Mwezini ni jambo kubwa. Vumbi la mwezi halijapata kulainishwa na upepo wala maji, na punje zake ni kali kama vigae vya chupa. Hukwaruza vioo vya kofia na kula maungio ya mavazi. Tena ni jeusi, nalo likitanda juu ya vifaa hunyonya joto la jua hata vikachemka. Na kwa kuwa mwezini vitu ni vyepesi, gurudumu hulirusha vumbi juu sana, likawanyeshea wapandao kama mvua.

Cernan akatwaa utepe wake akaibandika madigadi mahali pake. Hapa ndipo alipotokea adui wa kwanza kati ya wale watatu niliowataja: vumbi lilikuwa limeingia kila mahali, gundi haikushika vizuri, na kabla ya siku kwisha kipande kikaanguka kikapotea. Usiku ule watu wa Houston wakatafakari tena. Kesho yake, wangali ndani ya chombo chao ambamo vumbi lilikuwa kidogo, Cernan na Schmitt waliunganisha ramani nne za mwezi kwa utepe, wakapata ubao mmoja mgumu, kisha wakaubana garini kwa vibanio vilivyotolewa katika taa ya chombo. Madigadi hiyo ya karatasi ilidumu hata mwisho wa matembezi yao. Walirudi nayo duniani, nayo imewekwa katika jumba la makumbusho ya ndege na vyombo vya anga mjini Washington, ambako watu huitazama kwa heshima.

Tukishuka kutoka mwezini mpaka majumbani, twaona kwamba Wamarekani na Wakanada wameufanya utepe huu kuwa kama mzaha wa taifa. Huutumia kushikilia miwani iliyovunjika, kupandishia pindo la suruali wakati sindano haionekani, kuondolea manyoya ya paka katika koti, na kutengenezea pochi za kutilia fedha. Wapandao milima huzungushia kiasi kidogo katika chupa ya maji, ili mguu ukianza kuwasha waubandike kisiginoni kabla lengelenge halijatokea. Na hilo si mzaha, ni shauri jema. Kuanzia mwaka 1991 hata 2006 televisheni ya Kanada ilionyesha mchezo wa kuchekesha juu ya mzee aitwaye Red Green, ambaye kila juma aliunda mtambo mpya usio na maana kwa kutumia utepe huo. Vichekesho vyake vilifahamika kwa kila mtu, kwa sababu kila mtu alikuwa na mjomba wa namna hiyo. Mafundi wetu wa jua kali, nadhani, wangemcheka mzee huyo kwa sababu nyingine: kwamba alifanya kwa utepe mambo ambayo wao huyafanya kwa waya na kipande cha tairi, yakadumu.

Mzaha huo uliwahi kugeuka ukawa jambo la serikali. Mwezi wa Februari 2003, Wamarekani wakiogopa kushambuliwa kwa hewa ya sumu, serikali yao iliwashauri waweke nyumbani karatasi za plastiki na utepe wa gundi ili wazibe madirisha. Katika siku chache maduka mengi yakaishiwa. Wacheshi wa televisheni hawakulala njaa juma lile.

Kisa kingine chatoka Alaska. Mwaka 2009 dubu alivutwa na harufu ya chakula kilichoachwa katika ndege ndogo iliyoegeshwa porini, akairarua ubavuni hata mifupa yake ikabaki wazi. Rubani aliagiza aletewe magurudumu mapya na miviringo mingi ya utepe, akaifunika ndege yake, akairusha mpaka nyumbani. Lisidhaniwe kuwa jambo la kuigwa. Liliwezekana kwa sababu ndege za namna ile zimevikwa kitambaa tu juu ya fremu ya chuma, na mifupa haikuvunjika. Yaani rubani alitia kiraka katika nguo. Abiria wa ndege kubwa akiona kiraka cha rangi ya fedha juu ya bawa asishtuke, maana huo si utepe wetu, bali ni utepe wa alumini uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hata waganga wameujaribu. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali moja ya kijeshi ya Marekani walitangaza kwamba walitibu chunjua za watoto na vijana kwa kuzifunika kwa utepe huu kwa muda wa miezi isiyozidi miwili. Kati ya wagonjwa 26 waliofunikwa, 22 walipona. Kati ya 25 waliotibiwa kwa kugandishwa kwa baridi kali, walipona 15. Habari hiyo ilienea upesi, kwa kuwa nani asiyependa dawa isiyouma? Lakini sayansi haikubali ushahidi wa mara moja. Madaktari wa Uholanzi walijaribu tena kwa watoto wa shule mwaka 2006, na wengine wa Marekani kwa watu wazima mwaka 2007, wala hawakuona tofauti yenye maana kati ya utepe na kitu kisicho dawa. Chunjua nyingi huondoka zenyewe, na utepe ulikuwa ukipokea sifa za wakati.

Vijana nao hawakuachwa nyuma. Tangu mwaka 2001 yapo mashindano ya kila mwaka huko Marekani, ambayo wanafunzi wa sekondari huingia kwa kushona nguo za karamu yao ya mwisho wa shule, gauni na suti kamili, kofia na viatu, vyote kwa utepe wa rangi mbalimbali. Washindi hupata fedha za kulipia chuo. Nimetazama picha za mavazi hayo, na kusema kweli yako yaliyoshonwa kwa ustadi ambao fundi cherehani angeuonea wivu. Ila sikuelewa mvaaji anaketi vipi, wala anafanya nini ukumbi ukipata joto.

Kazi ya mwisho nitakayoitaja ndiyo iliyoleta fedha nyingi kuliko zote. Mwezi wa Desemba 2019, katika maonyesho ya sanaa ya Miami, msanii wa Kiitaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi mbivu ukutani kwa kipande kimoja cha utepe wa fedha, akaiita "Comedian", yaani mcheshi. Iliuzwa kwa dola 120,000. Mnunuzi hupewa cheti na maagizo ya kuibandika, maana ndizi huoza na lazima ibadilishwe. Nakala moja iliuzwa tena katika mnada wa Sotheby's mjini New York, Novemba 2024, kwa dola milioni 6.2. Ndizi ya siku ile ilikuwa imenunuliwa kwa senti 35 za Marekani kwa mchuuzi wa matunda aliyekuwa na meza yake kando ya njia, karibu na jumba hilo hilo la mnada. Tajiri aliyeshinda mnada aliila ndizi hiyo siku chache baadaye huko Hong Kong, mbele ya waandishi wa habari. Mviringo wa utepe alipewa pamoja na ndizi, nao, ukihifadhiwa mbali na vumbi, mafuta na joto, wafaa kwa ndizi nyingine nyingi.